Rivyu: Huduma za bure za UN za kufuatilia misimamo ya nchi, nimezipima kwa Komoro

Kila ikikaribia Septemba maswali yanaanza kwenye magrupu, jamani hivi nchi fulani mwaka huu itasema nini New York, na majibu ndo hayohayo, mmoja kasikia redioni, mwingine kaona klipu ya nusu dakika, wa tatu anabahatisha tu kutokana na chama kilichopo madarakani. Na huduma zipo, za bure kabisa, ziko wazi kwa yeyote mwenye simu, ila wengi wetu tunazipita. Kwahiyo leo nazifanyia rivyu kama watu wanavyofanya rivyu za app au mtandao wa simu.

Nazungumzia vitu vitatu vya Umoja wa Mataifa: UN Web TV (webtv.un.org), ukurasa wa Mjadala Mkuu wa Baraza Kuu, ule wa kila Septemba ambapo viongozi wanahutubia New York (gadebate.un.org) na maktaba yao ya kidijitali (digitallibrary.un.org). Mimi nazihesabu kama huduma moja, maana ukitumia moja ukaacha nyingine unaondoka na nusu ya habari, na nusu ya habari kwenye diplomasia ni hatari kuliko kutojua kabisa.

Kipimo nilichotumia ni nchi ndogo, makusudi. Ukitaka kujua Marekani au China wanasimamia nini huhitaji huduma yoyote, magazeti ya dunia nzima yatakwambia hata usipouliza. Mtihani ni nchi ambayo haina shirika kubwa la habari, haina wasemaji kwenye kila televisheni, na watu wake hawafiki milioni moja. Nimechukua Komoro. Ni ndugu zetu, lugha yao ukiisikiliza vizuri unaielewa nusu nzima, na wana jambo moja ambalo wamelibeba kwenye mikutano ya dunia tangu wapate uhuru, yaani suala la Maore, kisiwa ambacho Komoro inasema ni chake lakini kiko chini ya Ufaransa, na Wafaransa wanakiita Mayotte. Kama huduma inaweza kunionyesha msimamo wa Komoro vizuri, basi hiyo huduma ni ya kweli.

Tuanze na UN Web TV. Hii ni televisheni ya mtandaoni ya UN, laivu na rekodi, hakuna kujisajili, hakuna kulipia, hakuna matangazo ya biashara. Inarusha Baraza Kuu, Baraza la Usalama, Baraza la Haki za Binadamu la kule Geneva na mikutano mingine kibao ambayo hutaiona popote. Unachagua lugha ya kusikiliza kati ya zile sita rasmi, Kiarabu, Kichina, Kiingereza, Kifaransa, Kirusi na Kihispania, au unachagua sauti ya ukumbini, ile ya mzungumzaji mwenyewe. Ushauri wangu, kama unajua Kifaransa hata cha shule, kwa hotuba za Komoro chagua sauti ya ukumbini. Wakalimani wa UN ni mafundi kwelikweli lakini wanakimbizana na mtu anayesoma karatasi kwa kasi, na kwenye suala kama Maore uzito uko kwenye namna sentensi ilivyopangwa, wameanza na shukrani kwa Ufaransa au wameanza na malalamiko, wamesema "mazungumzo" au wamesema "kurudishwa". Mkalimani akibana sentensi mbili kuwa moja umeshapoteza kitu. Angalizo ni bando, vidio ya kikao cha asubuhi nzima inakula sana, kwahiyo kama huna wifi usiache ikacheza tu.

Ndo maana ukurasa wa Mjadala Mkuu naupenda zaidi kwa matumizi ya kila siku. Kila nchi ina ukurasa wake, unabofya jina, unakuta bendera, picha ya aliyehutubia, muhtasari mfupi, sauti, na pdf ya hotuba yenyewe. Bendera ya Komoro ina nyota nne na mistari minne, kila kimoja kwa kisiwa kimoja, Ngazidja, Nzwani, Mwali na Maore. Yaani hata hujafungua hotuba msimamo umeshaanza kuuona pale juu, maana kisiwa cha nne hakiko chini ya serikali ya Moroni, mji mkuu wa Komoro, lakini kwenye bendera kipo.

Pdf usiiruke. Hotuba nyingi zina kijimaandishi kule juu kinachokwambia ulinganishe na kilichosemwa mimbarini, na hiyo si mapambo, ni onyo la kweli, kwa sababu kiongozi anaweza kuongeza au kuruka aya. Mimi utaratibu wangu ni huu: nafungua pdf, nasachi neno Mayotte, naangalia limekaa wapi. Kama liko mwanzoni, kabla ya mambo ya tabianchi na maendeleo, hiyo ni ishara. Kama limewekwa mwishoni baada ya Palestina na Sudan, ni ishara nyingine. Halafu naenda kwenye vidio sehemu hiyohiyo nasikiliza kama kasoma kama ilivyoandikwa. Na ukiwa na hotuba za vikao vilivyopita ukaziweka pembeni, hapo unaanza kuona nchi inasogea wapi, maana nchi ndogo hazibadilishi msimamo kwa kelele, zinabadilisha kwa kupunguza kivumishi kimoja.

Kuna jambo la ratiba ambalo watu hawalijui na linasaidia kuelewa hesabu za nchi ndogo. Brazili inafungua kwa desturi, Marekani inafuata kama mwenyeji, baada ya hapo mpangilio unaangalia pamoja na mambo mengine cheo cha anayehutubia. Rais anatangulia, waziri wa mambo ya nje anasukumwa kuelekea mwisho ambapo ukumbi umepungua na waandishi wamechoka. Kwahiyo nchi ndogo ikimtuma rais mwenyewe inanunua nafasi ya mapema, na muda ni uleule kwa wote, dakika 15 za hiari. Dakika 15 hizo kwa Komoro ni kitu kikubwa, ni mahali ambapo rais wake anasimama palepale anaposimama rais wa Ufaransa, mimbari ileile.

Sasa maktaba ya kidijitali, na hapa ndo penye nyama. Hotuba inakwambia nchi inasema nini, ila maktaba inakuonyesha imefanya nini, kwa sababu ina rekodi za kura za Baraza Kuu tangu mwaka 1946. Fungua azimio namba A/RES/31/4, la tarehe 21 Oktoba 1976, linahusu Maore. Utaona orodha ndefu ya nchi kwa herufi kubwa na kila moja ina alama mbele yake, Y kwa waliokubali, N kwa waliokataa, A kwa waliojizuia. Waliokubali 102, waliojizuia 28, aliyekataa mmoja. Mmoja tu, Ufaransa. Mimi nimekaa na hiyo orodha muda mrefu, jina moja baada ya jingine, na nakwambia hakuna makala ya gazeti inayokupa hisia hiyo, kuona dunia nzima imeandikwa Y na bado miaka zaidi ya 45 baadaye hali iko palepale.

Ukitaka kuelewa ilikuwaje rudi nyuma kidogo, maktaba inakuruhusu. Tarehe 22 Desemba 1974 Wakomoro walipiga kura ya uhuru, visiwa kwa jumla vikasema ndiyo kwa wingi mkubwa sana, Maore peke yake wengi wakasema hapana. Komoro ikatangaza uhuru tarehe 6 Julai 1975. Tarehe 12 Novemba mwaka huohuo ikaingia UN kwa azimio 3385, na azimio lenyewe linavitaja visiwa vinne kwa majina, Maore ikiwemo. Yaani UN ilipompokea mwanachama huyu ilimpokea akiwa mzima. Halafu Februari 1976, Ufaransa ikiwa inajiandaa kufanya kura nyingine Maore, likapelekwa rasimu ya azimio Baraza la Usalama kuitaka isifanye, na moja ya nchi zilizoipeleka rasimu hiyo ni Tanzania, pamoja na Benin, Guyana, Libya na Panama. Wakaunga mkono 11, watatu wakajizuia, Ufaransa ikapiga kura ya turufu. Kwisha. Siku mbili baadaye kura ya Maore ikafanyika. Ndugu zangu Watanzania wangapi tunajua jina letu liko kwenye hiyo karatasi? Mimi naona hili lingefundishwa shuleni.

Sasa kuna kitu ambacho huduma hii inakionyesha kwa mtu anayetafuta kwa bidii tu. Ukifuata maazimio kuhusu Maore yanakuja mwaka baada ya mwaka hadi 1994, halafu yanakatika. Mtu wa haraka atasema Komoro ilikata tamaa. Lakini ukiangalia ajenda ya Baraza Kuu, suala la kisiwa cha Komoro cha Maore limeendelea kubaki mle, kwa maelewano kwamba halitajadiliwa. Lipo, halizungumzwi. Huo ndo msimamo wa nchi ndogo mbele ya mkubwa ambaye pia ni mfadhili wako, ni mwanachama wa kudumu wa Baraza la Usalama, na ni mahali wanapoishi ndugu zako wengi wanaotuma hela nyumbani. Hulitoi mezani, maana ukilitoa umekubali. Hulipigii kura, maana ukilipigia kura kila mwaka unalipa gharama. Unaliacha pale, na Septemba rais anapanda mimbarini analitaja kwa mdomo. Ukiwa na hotuba peke yake hulioni hili, na ukiwa na kura peke yake hulioni pia, unahitaji vyote.

Nimejaribu pia kwa jambo ambalo halihusu Komoro moja kwa moja. Azimio ES-11/1 la tarehe 2 Machi 2022 kuhusu Urusi kuivamia Ukraine, waliokubali 141, waliokataa 5, waliojizuia 35. Kenya Y, Rwanda Y, Tanzania A, Uganda A, Burundi A. Komoro Y. Wengi waliisoma Y ya Komoro kama kufuata Magharibi, mimi siisomi hivyo hata kidogo. Nchi ambayo hoja yake yote duniani ni kwamba mipaka ya mtu haikatwi na mwenye nguvu ingewezaje kujizuia kwenye azimio kama lile? Na angalia ajabu nyingine, kwenye orodha ileile Ufaransa nayo ni Y. Komoro imepiga kura upande mmoja na Ufaransa kwa kutumia kanuni ambayo inaidai Ufaransa. Mwaka uliofuata rais wa Komoro, Azali Assoumani, akiwa mwenyekiti wa Umoja wa Afrika alikwenda na viongozi wenzake wa Afrika Kyiv na St Petersburg kutafuta amani, na Septemba hiyohiyo ya 2023 alikuwa New Delhi Umoja wa Afrika ulipopokelewa kwenye G20, lile kundi la nchi zenye uchumi mkubwa. Mtu aliyefungua kura ya 2022 asingeshangaa kuiona Komoro kwenye safari ile.

Sasa mapungufu, maana rivyu ya sifa tupu haimsaidii mtu.

La kwanza, maazimio mengi ya Baraza Kuu yanapita bila kura. Hapo maktaba haikupi Y wala N ya mtu yeyote, na kwa nchi ndogo hii ni shida kwa sababu mambo mengi yanayozigusa, maendeleo, visiwa vidogo, bahari, yanapita kwa maelewano. Inabidi usome kumbukumbu za kikao uone nani alieleza msimamo wake baada ya kupitishwa, na hiyo ni kazi ya kukaa chini na chai. Pia nchi ikiwa haikuwepo ukumbini huambiwi kwanini, inaweza kuwa mkakati na inaweza kuwa ujumbe una watu wachache na kulikuwa na vikao vitatu kwa wakati mmoja. Kwa nchi ndogo sababu ya pili ni ya kweli kabisa, usikimbilie kuandika kwamba "wamekwepa".

La pili, diplomasia ya nchi haiishii UN, na huduma hii inaishia hapo. Desemba 2019 Komoro ilikuwa nchi ya kwanza kufungua ubalozi mdogo Laayoune, Sahara Magharibi, hatua ya wazi kabisa ya kuiunga mkono Moroko, wakati Jamhuri ya Kiarabu ya Kidemokrasia ya Sahara, yaani Wasahara wanaodai eneo hilohilo, ni mwanachama wa Umoja wa Afrika kama Komoro yenyewe. Mimi hili linanisumbua, sifichi. Moroko inasema ni suala la ardhi yake kuwa moja na Komoro inalielewa lugha hiyo, lakini Wasahara nao wana hoja ya kuulizwa wanataka nini, na hapo ndipo Ufaransa inapoiambia Komoro kwamba watu wa Maore waliulizwa. Ukipima msimamo wa Komoro kwa hotuba za Septemba peke yake utaona mstari ulionyooka, ukiongeza Laayoune utaona kuna kona. Hivyohivyo mahusiano ambayo Komoro iliyakata na Iran Januari 2016 na Qatar Juni 2017, huwezi kuyaelewa kwa kuangalia New York, inabidi ukumbuke Komoro iko kwenye Umoja wa Nchi za Kiarabu tangu 1993 na Saudi Arabia ina uzito gani pale Moroni. Na kesi za Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, ile ya Mavi Marmara, meli iliyosajiliwa Komoro ambayo Israel iliivamia ikielekea Gaza, waliyoipeleka 2013, na kujiunga kwao na Afrika Kusini na wengine Novemba 2023 kuhusu Palestina, hizo ziko The Hague kwenye mtandao wa mahakama yenyewe, hazikai hapa. Kwa mambo ya karibu na nyumbani kuna Kamisheni ya Bahari ya Hindi, umoja wa visiwa vya ukanda huu, ambako kwenye mkutano wa wakuu wa Aprili 2025 Antananarivo, Madagaska, rais wa Ufaransa Macron alitaka Maore iingizwe na Komoro ikakataa. Huyo anayefuatilia UN tu hilo limempita.

La tatu ni lugha na hili nalisema kwa uchungu. Lugha sita, Kiswahili hakimo. Kiswahili ni lugha ya kazi ya Umoja wa Afrika tangu Februari 2022, kina siku yake ya dunia tarehe 7 Julai, na UN wenyewe wana idhaa ya habari ya Kiswahili ambayo inafanya kazi nzuri sana ya kuripoti, ila ripoti ya dakika mbili siyo hotuba nzima. Mwanafunzi wa Tanga au wa Kisumu anayetaka kusoma rais wa Komoro kasema nini kuhusu bahari anayoiona dirishani kwake lazima apitie Kifaransa au Kiingereza. Sisemi waweke ukalimani wa laivu kesho asubuhi, najua gharama zake, ila muhtasari wa maandishi kwa hotuba za nchi za ukanda huu unawezekana kabisa na watu wa kuuandika wapo.

Nani atumie? Mwanafunzi wa uhusiano wa kimataifa, mwandishi wa habari ambaye mhariri wake kampa saa mbili, watu wa mashindano ya UN ya wanafunzi ambao wamepangiwa nchi wasiyoijua, na Mkomoro yeyote aliye ughaibuni anayetaka kusikia serikali yake inasema nini kwa jina lake. Kidokezo kimoja kwa maktaba: tafuta kwa namba ya azimio, siyo kwa neno. Ukiandika Mayotte peke yake utamwagiwa nyaraka za kila aina, ukiandika A/RES/31/4 unafika mlangoni.

Na kingine, ukifuatilia laivu usizime hotuba ya mwisho ya siku ikiisha. Baada ya hapo ndo kuna haki ya kujibu, nchi iliyotajwa vibaya inaomba nafasi, dakika 10 kwa mara ya kwanza na 5 kwa mara ya pili, na wanaozungumza mara nyingi ni maafisa wa kawaida wa ubalozi, siyo marais. Hapo lugha inakuwa kavu na ya moja kwa moja kuliko chochote ulichosikia mchana. Ukitaka kujua kama hotuba ya nchi ndogo imegusa mahali panapouma, angalia kama kuna mkubwa aliyeona inastahili kujibiwa.

Ukadiriaji wangu: UN Web TV 4 kati ya 5, ukurasa wa Mjadala Mkuu 4, maktaba 5 kamili bila kusita. Ile nyota moja moja iliyobaki nitaitoa siku nikifungua ukurasa wa Komoro nikakuta muhtasari kwa Kiswahili.